Sura ya Sita: Namba Tano za Bi Lührs

Henning Brodersen alifika Nyumba ya Hesabu, jumba la kuwafunza watoto hesabu kwa mikono, saa sita kasoro dakika kumi mchana, mkononi ana mkate wa samaki, akaambiwa mlangoni kwamba samaki haruhusiwi ndani.

"Hata huyu ambaye keshakufa?" aliuliza.

"Hasa huyo," alisema Bi Almuth Hagedorn, mkurugenzi, ambaye alikuwa ameshuka mwenyewe kumpokea. Kwa mji wa Lübeck, mkurugenzi kukushukia ngazi ni sawa na kupigiwa ngoma. "Anaacha harufu kwenye karatasi. Muache mapokezi, utamchukua ukitoka."

Brodersen aliukabidhi mkate wake kama mtu anayekabidhi bastola, akamfuata mama huyo ghorofa mbili juu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kitambi cha heshima, na stashahada ya upangaji chapa aliyoipata ujanani kabla hajaingia polisi. Polisi walimkalisha dawati la nyaraka za kughushi miaka ishirini na miwili. Sasa alijitegemea, na watu walimwita pale karatasi mbili zinapogombana na hakuna anayejua ipi inasema kweli.

Ofisini Bi Hagedorn aliweka bahasha mezani.

"Hii ni barua ya kumwachisha mtu kazi. Nimeshaisaini. Haina jina."

"Mbona haraka?"

"Saa kumi na moja kamili jioni mchapishaji ananipigia simu kutoka Hamburg. Kitabu kinaingia mtamboni kesho asubuhi, na anataka jina la mchoraji kwenye jalada. Nikishampa jina, yule mwingine ni mwizi, na barua ni yake."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha watoto: maumbo matano ya karatasi, ya kukata, kukunja na kugundisha. Lipo la pande nne, mchemraba, la pande nane, la pande kumi na mbili na la pande ishirini. Michoro haikuchorwa kwa mkono. Iliandikwa kwa msimbo, ule wanaopangia vitabu vya hesabu: unaandika maneno na namba, kompyuta inakutolea ukurasa wenye mistari ya kukata, mistari ya kukunja, na vile vijilimi vya kupakia gundi. Bi Hagedorn alikuwa na nakala mbili za msimbo huo, zilizofanana karibu neno kwa neno. Moja iliwasilishwa na Wiebke Lührs, mwenye miaka kumi na tisa kazini. Nyingine na Torben Quast, mtu wa kompyuta, mwenye mwaka na nusu. Kila mmoja alisema ni yake.

"Moyo wako unasema nani?" aliuliza Brodersen.

"Lührs. Lakini tazama hii."

Zilikuwa karatasi mbili za umbo la pande kumi na mbili. Chini ya kila moja, kwa herufi ndogo, palichapwa mji na tarehe. Ya Bi Lührs ilisema Machi 3. Ya Quast ilisema Februari 11.

"Wiki tatu kabla," alisema Bi Hagedorn. "Karatasi haina moyo, Bwana Brodersen. Inasema tarehe tu."

"Faili zenyewe kwenye kompyuta?"

"Zote Machi 17. Siku hiyo tulihamishia kila kitu kwenye mashine mpya, na tarehe za zamani zikafutika."

"Nani alihamisha?"

"Quast. Ndiyo kazi yake. Na kabla hujainua nyusi, alihamisha vitu vya watu thelathini na moja, na hakuna mwingine anayelalamika."

Brodersen alishusha nyusi, maana kweli zilikuwa zimeshapanda.

*

Karakana ya Bi Lührs ilikuwa chini kabisa, chumba kirefu chenye mikasi ya kitoto imetundikwa ukutani kwa ukubwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, sweta la kijivu, miwani shingoni na miwani nyingine kichwani. Alikuwa akipanga mifuko ya karatasi mezani, maana kesho yake ilikuwa sikukuu ya Nikolaus, mtakatifu anayewaletea watoto matunda na peremende, na watoto mia mbili walikuwa wanakuja.

"Bi Lührs, mimi ni Brodersen. Nimekuja kuuliza maswali ya kipumbavu."

"Uliza. Nimefundisha watoto miaka kumi na tisa, nimezoea."

"Hii michoro ni yako?"

"Ndiyo."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Hapana."

Brodersen alivuta kiti. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wezi waliothibitisha mambo kumi kwa dakika. Mtu anayekataa kujitetea alikuwa mgeni kwake.

"Kuna mtu alikuona ukichora?"

"Huwa nafanya kazi peke yangu."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia dada yangu Machi. Lakini dada yangu atasema lolote kwa ajili yangu, kwa hiyo usimhesabu."

"Bi Lührs, uko upande wa nani?"

"Upande wa kisichokuwa na shimo," alisema. "Ushahidi wenye shimo ni maoni tu."

Brodersen alimwomba afungue msimbo. Alikuwa akijua kupanga herufi za madini ya risasi, si hizi za kompyuta, lakini hazikumtisha. Juu kabisa palikuwa na jina la umbo, chini yake mstari mmoja wa urefu wa mkunjo, sentimita 2.6, halafu orodha ya pande: upande wa kwanza huu, wa pili ule. Alipitisha kidole kwenye kioo kama anayesoma risiti.

"Hapa chini, penye tarehe. Hujaandika tarehe. Umeandika amri."

"Ndiyo. Inaweka tarehe ya leo."

"Leo ipi?"

Bi Lührs alimtazama kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi aliyeuliza kitu cha maana. Akabonyeza, printa ikakohoa, karatasi ikatoka: Desemba 5.

"Kwa hiyo ukichapa leo inasema leo," alisema Brodersen. "Na nikirudisha saa ya kompyuta nyuma?"

"Rudisha."

Akarudisha. Printa ikakohoa tena. Karatasi ya pili ilikuwa na tarehe ya siku aliyofunga ndoa Brodersen, na kwa muda akaitazama kwa upendo.

"Basi Februari 11 ya Quast si kitu," alisema.

"Na Machi 3 yangu pia si kitu. Iandike hivyo."

"Mama, ningekuwa wewe ningenyamaza hapo."

"Ndiyo maana wewe si mimi. Iandike."

Akaandika. Halafu akauliza kitu ambacho angekiuliza mwanzoni kama angekuwa na mkate wake tumboni. "Watu wanaoandika misimbo huwa wanaacha maelezo pembeni, sivyo? 'Hapa nimefanya hivi kwa sababu hii.' Yako yako wapi?"

"Siandiki maelezo."

"Hata moja?"

"Msimbo unajieleza. Anayejua kusoma atasoma." Alisema hivyo kwa kiburi kidogo, kiburi pekee alichokuwa nacho chumbani mle, na Brodersen akawaza kwamba mtu angeweza kupoteza miaka kumi na tisa kwa kutoandika mistari kumi.

"Kila umbo naona lina namba yake. Hizi ni nini?"

"Urefu wa mkunjo."

Akazinakili kwenye daftari: pande nne, 14.2. Mchemraba, 5.8. Pande nane, 7.1. Kumi na mbili, 2.6. Ishirini, 3.84. Akamshukuru, akatoka.

*

Torben Quast alikuwa na chumba chenye joto, kahawa nzuri, na tabasamu la kuazima. Miaka thelathini na mitatu, ndevu zimechongwa kwa rula. Alimvutia Brodersen kiti kabla hajaombwa.

"Nimesikia wewe ni mcheshi," alisema.

"Mke wangu anakanusha. Kahawa hii inaruhusiwa? Samaki wangu amezuiliwa mapokezi."

"Huyo mama mkurugenzi! Mwaka jana alininyang'anya jibini." Quast alicheka, akamimina. "Sikiliza, Bwana Brodersen, sina chuki na Wiebke. Ni mtu mzuri. Nadhani aliiona michoro yangu kwenye printa, akaipenda, akasahau kwamba hakuichora. Umri huo."

"Ana miaka hamsini na miwili. Mimi hamsini na minne."

"Sikumaanisha..."

"Mimi pia husahau. Juzi nilisahau mwavuli kwenye mazishi. Lakini sijawahi kusahau nikaandika msimbo." Brodersen alikunywa. Kahawa ilikuwa nzuri kweli, na hakuona sababu ya kuinyima haki yake. "Tarehe yako ya Februari. Inajiweka yenyewe, kumbe."

Quast hakutikisika. "Inajiweka. Nilichapa Februari, ikaweka Februari."

"Au ulichapa mwezi wowote, tuseme Oktoba, na saa imerudishwa."

"Au yeye alichapa Oktoba na yake imerudishwa. Tuko sare."

"Tuko sare," alikubali Brodersen, na ilikuwa kweli, na haikumfurahisha. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na robo. "Basi nisaidie kidogo. Nina namba tano hapa, sizielewi. Kwa nini mchemraba ni 5.8 na siyo sita?"

Quast alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Ilikuwa nusu sekunde. Wapo wapelelezi wanaojenga kesi nzima juu ya nusu sekunde, na wengi wao wamewahi kumfunga mtu aliyekuwa na kwikwi.

"Karatasi," alisema. "Unakuza umbo mpaka lijae karatasi. Kila umbo lina sura yake likifunguliwa, kwa hiyo kila moja lina kipimo chake."

"Lijae karatasi ya A4."

"Ndiyo. Watoto wanapenda makubwa."

Brodersen aliandika maneno hayo kama yalivyo, akamwomba ayasome na kuweka saini. Quast aliweka saini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukavuka mpaka ukurasa wa pili.

Nje kwenye korido Brodersen alisimama. Jibu lilikuwa la akili. Tena lilikuwa jibu, na Bi Lührs hakumpa lolote. Kisha akakumbuka: yule alimuuliza namba ni nini, huyu alimuuliza kwa nini. Miaka ishirini na miwili polisi, na bado anauliza watu wawili maswali mawili tofauti halafu anashangaa majibu hayafanani.

*

Akaomba chumba chenye meza kubwa, mkasi, gundi na rula, na kurasa tano za kitabu. Bi Hagedorn akampa chumba cha mikutano na mkasi wa kitoto wenye vishikio vya rangi ya machungwa.

"Unataka kucheza?" aliuliza.

"Nalipwa kwa saa, nitacheza polepole."

Hoja ya Quast ilikuwa rahisi kupima, na Brodersen alipenda vitu vya kupimika. Alianza na mchemraba. Ukifunguliwa unakuwa msalaba: miraba minne kwa urefu. Nne mara 5.8 ni sentimita ishirini na tatu na kidogo. Karatasi ina karibu thelathini. Pangeweza kuingia mchemraba wa saba kasoro bila kubanana. Umbo la pande kumi na mbili nalo lilikuwa limekaa katikati ya ukurasa kama mgeni anayeogopa kuchafua kiti, nafasi tele kila upande.

Basi hazikujaza karatasi. Lakini mtu anaweza kuwa mvivu. Uvivu si wizi.

Akaufikia ukurasa wa umbo la pande nne, na hapo akaketi wima. Umbo jepesi kuliko yote, pembetatu nne tu, mtoto wa chekechea analimaliza kabla ya maziwa kupoa. Na lilikuwa limechapwa kwenye karatasi ya A3, iliyokunjwa katikati iingie kitabuni. Katika kitabu kizima ukurasa huo peke yake ulikuwa mara mbili.

Alifungua mlango. "Bi Hagedorn! Huu ukurasa mkubwa, nani aliutaka?"

"Mchoraji," alijibu kutoka ofisini. "Mchapishaji alilia sana. Wote wawili walisema usipunguzwe."

"Wote wawili?"

"Lührs alisema kwanza. Quast alisema baada yake."

Brodersen akarudi mezani. Mtu anayekuza umbo mpaka lijae A4 hawezi kuvuka A4. Na anayevuka A4 kwa umbo moja, halafu kwa mengine manne anaacha nafasi ovyo, hatazami karatasi kabisa. Anatazama kitu kingine. Namba hizi tano zilikuwa zinatii kitu, na kitu hicho hakikuwemo ukurasani.

Akakata, akakunja, akagundisha. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa mkasi ule lakini alifurahi. Mara ya mwisho kukata karatasi bila kuitwa mahakamani alikuwa na miaka tisa. Saa tisa na nusu alikuwa na maumbo manne yamesimama mezani na moja, mchemraba, bado lina mfuniko wazi. Njaa ikambishia hodi. Kwenye kona ya chumba palikuwa na kreti ya Bi Lührs ya machenza ya watoto wa kesho. Yote yalikuwa ya ukubwa mmoja, kama yamepitishwa kwenye pete.

Akachukua moja, akiapa moyoni kulilipa. Likabingirika kuelekea kwenye daftari. Akalidaka, akatafuta pa kuliweka, akaliweka ndani ya mchemraba uliokuwa wazi.

Halikubingirika tena. Akautikisa mchemraba. Kimya. Akafunga mfuniko, na mfuniko ukagusa ganda la chenza taratibu, bila kulibonyeza.

Brodersen alisahau njaa. Akafungua umbo la pande kumi na mbili kwa ncha ya mkasi, akaingiza chenza lilelile. Likakaa, limegusa kila ukuta. Pande ishirini: likakaa. Pande nane: likakaa. Mwisho akalitazama lile jitu la pande nne, kubwa kama kofia ya sherehe, ambalo lingeweza kumeza robo kilo nzima ya sukari. Akaliingiza chenza. Likashuka, likasimama, limeshikwa na kuta zote nne, na pembe zimebaki tupu na ndefu.

Ndiyo sababu lilihitaji karatasi mbili. Umbo la pande nne ni pembe tupu. Ili tumbo lake lilingane na tumbo la wenzake, lazima liwe jitu.

Alipima chenza kwa rula. Sentimita tano na nusu na kidogo, na ganda.

*

Saa kumi na nusu walikuwa wanne mezani: Bi Hagedorn na bahasha yake, Quast na tabasamu, Bi Lührs na miwani yake miwili, na Brodersen. Maumbo matano yalikuwa yamefungwa mbele yao.

"Sina hotuba," alisema Brodersen. "Nina swali moja. Bwana Quast amekwisha kulijibu na saini ipo. Bi Lührs, kwa kuandika tafadhali: kwa nini namba hizi tano?"

"Hukuuliza hilo kule karakana."

"Kule karakana nilikuwa na njaa."

Bi Lührs aliandika mstari mmoja, akakunja karatasi mara mbili kwa kucha, mkunjo safi kama wa kisu. Bi Hagedorn akasoma za wote kwa sauti.

"Quast: 'Unakuza umbo mpaka lijae karatasi ya A4.' Lührs: 'Mpira wa 5.8 unaenea ndani ya yote matano. Chenza la ukubwa namba tatu. Kesho watoto walifungie ndani.'" Akainua uso. "Chenza?"

"Fungua," alisema Brodersen.

Mkurugenzi akafungua la pande nne, akatoa chenza. Akafungua mchemraba, akatoa chenza. Alipofika la tano alikuwa anacheka kimya, mabega yanatikisika.

"Mtoto akishika chenza moja," alisema Bi Lührs taratibu, macho mezani, "akaliingiza kwenye maumbo yote matano, ataelewa kitu ambacho siwezi kumwambia kwa maneno. Nilitaka walione kesho. Sikumwambia mtu kwa sababu ni mshangao."

"Na Bwana Quast anajaza A4," alisema Brodersen, "kwa umbo linalohitaji A3. Wewe kijana uliwahi kukunja hata moja?"

Masikio ya Quast yalikuwa yamebadilika rangi.

"Basi imetosha," alisema Bi Hagedorn, akavuta bahasha na kalamu.

"Hapana," alisema Bi Lührs.

Kalamu ikasimama.

"Haijatosha," aliendelea. "Bwana Brodersen ameonyesha kwamba Torben hajui sababu ya namba. Hajaonyesha kwamba mimi niliijua kabla. Yeye mwenyewe ameigundua leo mchana, kwa kutumia kurasa hizi tu, na hakuzichora yeye. Mimi pia ningeweza kuiba kurasa, nikakaa nazo, nikagundua, nikanunua machenza. Hapo pana shimo."

"Wiebke," alisema mkurugenzi, "naandika jina *lake*. Unaelewa?"

"Naelewa. Lakini mtu hafukuzwi kazi kwa uthibitisho wenye shimo. Wala yeye."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Brodersen aliona kwamba mama yule alikuwa sahihi. Alikuwa ameona watu wakijizamisha kwa uongo. Hakuwahi kuona mtu akijizamisha kwa hesabu. Na hakuwa na kitu kingine mfukoni. Bi Hagedorn alitazama simu. Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi na kuacha nukta moja ya wino.

"Machi 17," alisema Quast.

Wote wakamgeukia. Tabasamu la kuazima lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

"Nilipohamisha faili. Niliifungua yake ili nione kama imehama salama. Ilikuwa..." Akatafuta neno. "Ilikuwa safi mno. Hakuna neno la ziada. Nikanakili. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, nikawaza, wakiona kitu kama hiki wataniongezea. Saa niliirudisha nyuma mwezi wa Oktoba, kazi ya dakika mbili tu." Akamtazama Bi Lührs. "Nilikuwa najiandaa ukinishambulia. Nilikuwa na majibu kwa kila kitu. Lakini kunitetea, hili sikuliandalia."

"Hilo," alisema Bi Lührs, baada ya kufikiri, "linaziba."

Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyehesabu mara ya pili na jibu likatoka lilelile. Kisha akavua miwani ya kichwani, akaifuta kwa sweta, akaifuta tena, halafu akafuta na macho. Brodersen alisukuma kiti chake kidogo, mwili wake ukaziba dirisha la korido, mtu anayepita asimwone.

Bi Hagedorn aliandika jina kwenye barua, akaisogeza mezani. Quast akaikunja, vibaya, pembe hazikukutana, akaitia mfukoni.

Simu ililia saa kumi na moja kamili.

"Hagedorn. Ndiyo, ninalo. Mchoraji ni Wiebke Lührs. Ndiyo, peke yake."

"Subiri," alisema Bi Lührs.

"Mungu wangu, Wiebke! Nini tena?"

"Mistari ya kukata. Kwenye yangu ilikuwa myembamba. Nimeiona kwenye nakala yake, kaitia unene kidogo, na mimi nikaichukua ile kwa kitabu wiki iliyopita kwa sababu watoto wanaiona vizuri zaidi. Hiyo siyo yangu."

Kwenye simu mtu wa Hamburg alikuwa akisema halo, halo.

Bi Hagedorn alimtazama Brodersen, naye akainua mikono: hili halikuwa kwenye mkataba wake. Mkurugenzi akavuta pumzi, akarudisha simu sikioni.

"Bado niko hapa. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, ongeza mstari. Andika: unene wa mistari ya kukata, Torben Quast. Hapana, sifanyi mzaha. Q, u, a, s, t."

Quast alikuwa amefika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Alisimama pale, mgongo kwao, mpaka herufi ya mwisho iliposomwa, ndipo akatoka na kufunga mlango taratibu sana.